Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoa Mathenge Shambani na Ukingoni mwa Mto

Kila Januari, kaskazi inapokuwa imeikausha nchi na vibarua wanapatikana kwa urahisi, wenye mashamba wa huku Malindi, kuanzia Mambrui hadi sehemu za juu za Mto Sabaki, huanza kuulizana bei ya kufyeka mathenge, mti wa miiba wa kigeni unaovamia mashamba. Bei iulizwe mwisho. Yapo mambo ya kuzingatia kabla yake, nami nayaandika kwa sababu shamba letu limepungua hatua kumi na nne upande wa mto, na hatua hizo hazikuliwa na mathenge, bali tulizipoteza sisi wenyewe tuliouondoa.

Kwanza, hakikisha unachokikata. Mathenge na mgunga vyote vina miiba na majani madogo madogo, na kibarua anayelipwa kwa eneo hana sababu ya kuvitofautisha. Ua la mathenge ni refu kama mkia na rangi yake ni manjano, na ganda lake likiiva huwa la manjano na tamu. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ukaletwa Kenya mwaka 1973 kwenye machimbo ya karibu na Mombasa, kisha ukapelekwa Bura na Hola, huko Tana River, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuotesha kijani na kuni penye ukame, na kufikia 2008 serikali ilikuwa imeutangaza kuwa gugu haribifu.

Viatu viwe vya soli nene, glavu ziwe za ngozi, na macho yafunikwe kwa miwani. Mwiba unaotoboa tairi ya pikipiki hauwezi kushindwa na kandambili.

Kazi ianze kabla maganda hayajaiva. Yakiwa yameshaiva, yakusanywe kwanza, wala usimkaribishe mchungaji aje na mbuzi wake wakusafishie. Mbuzi hula ganda kwa utamu wake, mbegu zikapita tumboni zikiwa nzima, na kila anapodondosha kinyesi anakuwa amepanda mathenge na kuutilia mbolea. Anayetaka kulishia mifugo maganda hayo ayasage hadi mbegu zivunjike.

Mwulize mkandarasi swali moja kabla ya mengine yote: visiki mtavifanyaje? Akijibu kwamba watakata usawa wa ardhi na kuondoka, mshukuru, kisha mtafute mwingine. Macho ya kuchipua ya mathenge yako pale shina linapokutana na mizizi, chini kidogo ya udongo, na shina moja likikatwa juu yake huzaa machipukizi mengi yaliyosongamana kuliko mti wa awali. Kwa hiyo kisiki ama king'olewe kwa sururu na jembe hadi chini ya macho hayo, ama kipakwe dawa ya kuua magugu mara tu kinapokatwa, kikiwa bado kibichi. Mpakaji amfuate mkataji nyuma kwa nyuma. Dawa inayopakwa jioni kwenye visiki vya asubuhi ni pesa iliyotupwa.

Hilo la visiki tulijifunza mwaka wa kwanza, tulipofyekewa shamba likapendeza, na mvua za masika zikalirudisha kuwa kichaka. Mwaka wa pili tulikuwa wajuaji. Tulichukua vibarua wanane, nao wakang'oa kila kisiki kwa siku kumi na moja, kuanzia njiani hadi pale maji yanapogusa udongo. Mzee mmoja jirani yetu alisimama akatazama, kisha akaniambia, “Mwanangu, mti huu ni mbaya, lakini hapo ukingoni ndio ulioshika udongo.” Nikamjibu kwa adabu, “Tumekusikia, babu,” na kazi ikaendelea. Tulipomaliza, shamba lilikuwa kama uwanja uliofagiliwa kwa sikukuu.

Maji ya Sabaki hutoka mbali, hata nyanda za juu za upande wa Nairobi, na mto unaweza kujaa ilhali mbingu ya Malindi haina wingu. Katikati ya Aprili ulipanda usiku, mwekundu na mzito. Yale mashimo tuliyong'olea visiki ndiyo yaliyoyafungulia maji mlango. Yalijaa, udongo uliotifuliwa ukalainika, na ukingo ukaanza kuanguka kwa mapande. Asubuhi ya tatu banda la pampu halikuwepo, wala migomba iliyokuwa nyuma yake. Kwa yule mzee, ambaye hakung'oa kitu, ukingo ulibaki mahali pake pamoja na mathenge wake wote. Hakunikumbusha maneno yake, na afadhali angenikumbusha.

Kwa hiyo, kabla hujaajiri mtu, tembea shambani na uligawe mara mbili. Juu, penye tambarare, ng'oa. Ukingoni usitie jembe: mti ukatwe chini kabisa, kisiki kipakwe dawa kwa brashi, na mizizi iachwe ioze taratibu ikiendelea kushika udongo. Hata hivyo usikate ukingo mzima kwa msimu mmoja. Kata kipande, acha kipande, na penye pengo panda matete au mikuyu mapema, ipate kushika kabla ya masika. Fahamu pia kwamba kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka ulinzi wa ukanda wa mto wa kati ya mita 6 na 30, kwa kipimo cha alama ya juu ya mafuriko. Omba ruhusa ya mamlaka husika kwa maandishi.

Kuhusu dawa, karibu na mto au kisima usikubali kupuliza kwa pampu, sembuse dawa iliyochanganywa na dizeli. Udongo wetu wa mchanga hauzuii kitu, na zipo dawa za shambani ambazo kile kinachozinatisha kwenye jani hudhuru samaki na viluwiluwi. Lebo isomwe, na chupa tupu zitobolewe zisije zikatumiwa kutekea maji.

Malipo yagawanywe, sehemu kubwa ibaki hadi mkandarasi arudi baada ya masika na tena baada ya vuli, kwa maana mbegu zilizolala udongoni huota kwa miaka. Miche ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Mbolea ya zizi usinunue bila kuuliza mbuzi wamelishwa wapi. Mkaa unaochomwa kwa miti hiyo nao una vibali vyake, na lori linalobeba magogo lifagiliwe na kufunikwa turubai kabla halijatoka langoni, la sivyo maganda yatadondoka njia nzima hadi darajani.