Cherehani na zana za ngozi: kabla hujatoa pesa Ngamiani, Tanga

Karibu kila cherehani inatoboa ngozi. Hata ile nyeusi ya kukanyaga, iliyo barazani kwa fundi wa magauni, inapitisha sindano kwenye ngozi ya ng'ombe ukizungusha gurudumu kwa mkono. Muuzaji naye hukuonyesha hicho hicho: anakunja kipande mara tatu, anatoboa, halafu anakwambia mashine ya ngozi ndiyo hii. Kazi ngumu haiko kwenye kutoboa. Iko kwenye kuisogeza ngozi nene, inayonata, kwa hatua zilezile mwanzo hadi mwisho, tabaka la juu na la chini pamoja, na kuikandamiza isiinuke na sindano. Ukichagua mashine kwa kipimo hicho, maneno mengi ya dukani yanapungua uzito.

Anza na unene. Kunja vipande vyako kama vitakavyokuwa pale penye mshono mnene kuliko yote, upime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Huna kalipa? Panga vipande kumi vya ngozi ileile, pima kwa rula, gawanya kwa kumi. Pochi ya ngozi ya mbuzi ya milimita 1, ikishakunjwa ukingoni, inafika 3. Mkoba wa ngozi ya ng'ombe ya milimita 2, pale mkono unapopachikwa, una tabaka tatu: 6. Mkanda wa suruali wa tabaka moja ni 3.5 hadi 4, na soli ya makubadhi ni 4 hadi 5 kabla hujaongeza chochote.

Mashine zenyewe

Cherehani nyeusi ya kawaida (Singer, Butterfly na jamaa zake) inasukuma kwa meno ya chini tu. Mguu wa juu umesimama, unaing'ang'ania ngozi, kwa hiyo tabaka la chini linatangulia na la juu linabaki nyuma. Ukimaliza mshono wa sentimita 30 unakuta la juu limezidi kwa milimita kadhaa. Itumie kwa ngozi laini ya mbuzi au kondoo isiyozidi milimita 2.5 kwa jumla, sindano ya ngozi namba 16 au 18, na uzi usiozidi Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi: namba ikipanda, uzi ni mnene zaidi). Bandika tabaka kwa gundi kwanza, weka kipande cha karatasi ya patani juu ya ngozi ili mguu uteleze, kisha uichane karatasi ukimaliza. Ukiilazimisha zaidi ya hapo sindano inapinda, inagonga ndoana (chuma cha chini kinachodaka uzi), na saa ya mashine, yaani mpangilio wa sindano kukutana na ndoana, inaharibika. Fundi wa magauni atakulaumu, na atakuwa na haki.

Cherehani ya fundi viatu, ile ya mkono mrefu mwembamba kama Singer 29K, ni mashine nyingine kabisa. Mkono wake unaingia hadi ndani ya kiatu, na mguu wake unageuka pande zote, hivyo unashona kuelekea popote bila kuzungusha kiatu. Haina meno chini. Mguu wenye meno ndio unaovuta ngozi kutoka juu, na unaacha alama. Bobini yake ni ndogo, na mshono mrefu wa kunyooka unayumba kwa kuwa hakuna meza ya kulalia kazi. Kwa viraka, zipu na mikanda ya viatu haina mpinzani. Kwa mikoba mipya ni chaguo la pili.

Ukiikuta iliyotumika, usiangalie rangi. Weka mshono mrefu kuliko yote, shona mishono kumi kwenye ngozi ya milimita 3, kisha pima urefu wake. Nzima inakupa karibu milimita 5 kwa mshono mmoja, yaani karibu 50 kwa yote. Ikitoa chini ya 35, vyuma vya ndani vimelika, na kukaza skrubu hakutavirudisha. Shika na nondo inayobeba sindano, uitikise kushoto na kulia: ikicheza, utaruka mishono kila siku.

Kwa mikoba, mikanda na viti, mashine ya kutafuta ni ya mguu unaotembea, aina wanayotumia mafundi wa makochi. Hapa kuna mtego. Nyingine mguu unatembea lakini sindano haitembei. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, uso ukiwa karibu na sindano: ikiwa imezama kwenye ngozi, inatakiwa isogee nyuma pamoja na mguu wa ndani na meno, vyote vitatu kwa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo inayozuia tabaka kupishana. Nyingi za aina hii zinatumia sindano za mfumo wa DPx17 na zinapitisha milimita 8 hadi 10. Ya meza bapa inatosha kwa pochi na mikanda. Ukishona mikoba iliyokwisha simama, tafuta ya mkono wa mviringo, na uulize kama inakuja na kimeza cha kuchomeka.

Mota ya klachi, ile inayozunguka muda wote, inaruka kama imefyatuliwa. Weka ya sevo, ambayo kasi yake inarekebishwa, ushushe kasi, na ukiweza ongeza puli ya kupunguza mwendo, maana sevo ikizungushwa polepole sana inakosa nguvu kwenye tabaka nene.

Zile za chuma za kuzungusha kwa mkono, zenye gurudumu kubwa, zinafanya kazi ila zinatoka kiwandani hazijasuguliwa. Pitisha msasa namba 400 kisha 800 kila mahali uzi unapogusa, ufunge mashine kwa bolti kwenye benchi, la sivyo uzi utakuwa unachanika bila sababu ya kuonekana. Mashine kubwa za kushona matandiko ya farasi ziache. Hapa Tanga kazi zake ni chache.

Sindano na uzi

Uzi wa Tex 70 unataka sindano namba 18, Tex 90 namba 20, Tex 135 namba 22 au 23. Kwenye koni nyingine utakuta namba ya tiketi, nayo inakwenda kinyume: 40 ni karibu Tex 70, na 20 ni karibu Tex 135. Ukiwa na shaka, tunga sindano kwenye uzi, uukaze kwa mshazari: sindano iteleze yenyewe kwa kutikiswa kidogo. Ikikwama ni ndogo. Ikianguka moja kwa moja ni kubwa na itaacha matundu wazi.

Nunua nailoni au poliesta iliyogandishwa nyuzi zake, si uzi wa vitambaa. Na kwa sababu mkonge uko pwani hii tangu 1893, swali la uzi wa katani haliishi. Katani ni nzuri kwa kamba. Kwenye tundu la ngozi nyuzi zake ni ngumu, zinasimama na kukwaruza. Iache kwenye mikeka na mapambo.

Sindano ya ngozi ina ncha inayokata, kwa hiyo kila mshono ni jeraha. Mishono ya milimita 2 kwenye ngozi nyembamba inageuka mstari wa kuchania. Weka 3 hadi 3.5 kwa pochi, 4 hadi 5 kwa mikoba na mikanda. Mwisho wa mshono rudi nyuma mishono miwili au mitatu, ukiingia kwenye matundu yaleyale.

Mshono ukikataa

Ukiruka mishono, usikimbilie kugusa saa ya mashine. Mara nyingi ngozi inapanda na sindano: sindano inapoanza kuinuka ndipo uzi unapofanya kitanzi cha kudakwa na ndoana, na ngozi ikiinuka pamoja nayo kitanzi hakijitokezi. Ongeza mkandamizo wa mguu, badilisha sindano, hakikisha imesukumwa hadi mwisho wa juu na mfereji wake mrefu uko upande uzi unapoingilia.

Kiota cha nyuzi chini karibu kila mara ni kosa la uzi wa juu: haukuingia vizuri kati ya visahani vya kukazia, au ulianza kushona bila kushika ncha zake. Inua mguu, tunga upya kuanzia kwenye koni, shika ncha zote mbili kwa mishono mitatu ya kwanza. Uzi wa juu ukichanika kama pamba, sindano ni ndogo au ina gundi. Ifute kwa spiriti, na siku nyingine acha gundi ya viatu ikauke usiku mzima kabla ya kushona.

Zana za mkono

Kwa pesa kidogo, anza huku. Mshono wa mkono wa sindano mbili una nyuzi mbili zinazopishana ndani ya kila tundu; moja ikikatika, nyingine inashika. Mshono wa cherehani ukikatika sehemu moja unaanza kufumuka.

Utahitaji kisu cha ngozi na kinoo, rula ya chuma, bikari, uma wa kutobolea wenye meno ya milimita 4, msharasi wenye ncha ya almasi, sindano mbili butu, nta, na nyundo ya mti. Nyundo ya chuma inapasua vichwa vya uma na panchi. Chini weka gogo lililokatwa kichwani, nyuzi za mti zikitazama juu; ukitobolea juu ya saruji, meno yameisha siku hiyohiyo. Kisu kinole kwa msasa wa maji 600, kisha 1000, kisha ukisugue kwenye kipande cha ngozi. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma.

Kushona: 

1. Chora mstari kwa bikari, milimita 3 hadi 4 kutoka ukingoni.
2. Gonga uma, ukiweka jino la kwanza kwenye tundu la mwisho ili nafasi zisibadilike.
3. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, pitisha kwenye nta mara mbili au tatu, tunga sindano kila ncha.
4. Pitisha sindano ya kwanza tundu la kwanza, sawazisha uzi. Kila tundu linalofuata, sindano ya kushoto itangulie, ya kulia ifuate, ikipita upande uleule wa uzi wa kwanza kila mara. Ukibadilisha mpangilio katikati, mishono inalala ovyo na inaonekana kutoka mbali.
5. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, rudi nyuma matundu mawili, kata.

Kingo zinang'aa kwenye ngozi iliyotengenezwa kwa magome, kama ya miwati: lowesha kidogo, sugua haraka kwa kipande cha mpingo kilicholainishwa. Ngozi ya kromu, iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu badala ya magome, haing'ai hivyo. Itambue kwa kukata ukingo, katikati mara nyingi pana rangi ya kijivu yenye bluu. Hiyo ikunje au ipake rangi.

Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Jioni futa jasho kwenye zana, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, toa sindano kwenye mashine isiyotumika wiki nzima. Masika, ngozi isikae kwenye mfuko wa nailoni wala kuegemea ukuta: izungushe kwenye bomba la karatasi, uifunike kwa kanga kuukuu. Ukungu mweupe ukitokea, ufute nje ya chumba kwa kitambaa kikavu, kisha anika kivulini. Ukiianika juani inakauka na kupasuka mahali penye mkunjo.