Kununua kadi za wachezaji kwenye gari: kagua kabla buti halijafungwa

Ukienda uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa Arusha siku ya mechi, au ukizunguka nje ya geti la Nane Nane pale Themi, utakuta machalii wanauza kila kitu kwenye buti la gari, jezi, kofia, vuvuzela, chaja za simu, na siku hizi kadi za wachezaji nazo zimeingia. Kirikuu inapaki, mlango wa nyuma unainuliwa, meza ya kukunja inatolewa, kadi nzuri zimepangwa kwenye faili la plastiki na zingine zimerundikwa tu kwenye boksi la viatu. Ni raha kwa kweli, maana hizi kitu zamani ilikuwa mpaka uwe na ndugu Ulaya akuletee. Ila wadau tuelewane, duka la mjini ukiuziwa kimeo kesho yake asubuhi unarudi nacho na kelele juu, hili la kwenye gari jioni linafunga buti linaelekea Babati au Singida na hujui litarudi lini. Kwa hiyo kagua yote palepale ukiwa umesimama, jua likiwa bado lipo.

Kwanza jua unachotaka, kwa sababu pale mezani kuna vitu vya aina tatu vimechanganywa na muuzaji akiona hujui anakupa bei ya kile cha juu. Kuna stika, zile za kubandika kwenye albamu, hizo mara nyingi ni Panini, Waitaliano wa Modena walioanza kazi 1961 na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Halafu kuna kadi za kuchezea, Match Attax za Topps na Adrenalyn XL za Panini, zina namba za nguvu ya mchezaji, watoto wanashindana nazo. Na kuna kadi za kukusanya zenyewe, Prizm, Topps Chrome na ndugu zake, zinang'aa, hizi ndizo zenye hela. Kadi ya kuchezea ya Haaland na kadi ya Prizm ya Haaland zote zina sura ya Haaland, lakini bei ni mbingu na ardhi.

Kama ni stika za mtoto usihangaike sana, nunua pakiti chache halafu mtafutie wenzake wa kubadilishana. Albamu ya Kombe la Dunia 2022 ilikuwa na stika 670 na pakiti ilikuwa na 5, sasa ukipiga hesabu ya mtu anayejaza peke yake bila kubadilishana na yeyote, kwa wastani anahitaji kama stika 4,700, yaani pakiti zaidi ya 900, kwa sababu mwishoni kila pakiti unayofungua ni zilezile unazo. Kwa hiyo mzazi anayenunua boksi zima akidhani atamaliza albamu anajidanganya. Nunua kidogo, peleka shuleni, madabo, yaani zile zilizojirudia, yakabadilishane.

Kazi ya pili unaifanya nyumbani usiku wa kabla. Pale uwanja wa Ushirika Moshi siku ya Kili Marathon watu wamejaa na wote wanapost picha, mtandao unazunguka tu, huwezi kuanza kutafuta bei ukiwa umesimama mbele ya muuzaji anakuangalia. Ingia eBay, lile soko la mtandaoni, ukiwa na bando lako kwa utulivu, tafuta wachezaji wako watatu wanne, halafu angalia vile ambavyo vimeshauzwa, sio vile vilivyowekwa sokoni, maana mtu anaweza kuandika dola 500 na kadi ikakaa miaka miwili hakuna aliyeigusa. Piga skrinishoti. Hapo ukifika mezani na jamaa akakuonyesha bei ya eBay kwenye simu yake, muulize kwa upole tu, kaka hii imeuzwa au imetangazwa?

Na bei inafuata maisha ya mchezaji uwanjani, hisia zetu hazihesabiwi. Mfano mzuri ni wa nyumbani, Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mcheza kikapu, drafti ya NBA ya 2009, pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry namba 7. Kadi zake za ruki, yaani za msimu wake wa kwanza, ni za 2009/10, msimu uleule wa kina Curry. Za Curry zilizo nzuri zinaenda maelfu ya dola, za Thabeet nyingi ni bei ya soda na chipsi. Juzi kwenye bonanza moja Moshi nilimkuta chalii anayo moja kwenye faili, akaniambia elfu arobaini, “bro huyu Mtanzania wa kwanza NBA, hii adimu.” Nikamwomba aitoe. Nikaishika kwa kingo, nikawasha tochi ya simu na kuilaza kadi mwanga uipite kwa ubavu, mkwaruzo mrefu ukatokea kuanzia begani mpaka kwenye jina, ukiangalia wima huuoni kabisa. Kona ya chini kushoto ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Nikamwonyesha, sikusema neno. Akacheka, “haya mkubwa, toa kumi na tano.” Nimeichukua na naipenda, ila niliinunua kama mtu anayenunua ukumbusho wa Mtanzania mwenzake, siitegemei inilipie ada ya mtoto.

Huo mchezo wa tochi ufanye kwa kila kadi unayolipia zaidi ya hela ya nauli. Uso kwa mwanga wa ubavu, kisha kona nne moja moja, kisha kingo, kisha angalia mipaka ya picha kama upande wa kushoto na kulia unalingana, kadi iliyokatwa ikaegemea upande mmoja bei inashuka hata kama haijaguswa na mtu. Muuzaji akikataa kuitoa kwenye plastiki, mwambie aitoe yeye mwenyewe akushikie. Akikataa na hilo, msalimie uendelee na safari zako.

Sasa feki. Zipo, na nyingi. Zile kadi za dhahabu za plastiki zinazong'aa kila mahali, Messi, Ronaldo, Mbappé wote rangi ya bati la dhahabu, hizo ni mapambo, mpe mtoto afurahi lakini usilipe kama kadi. Kwa zilizobaki, anza na nyuma. Kadi halali nyuma ina namba yake kwenye seti, yaani toleo zima iliyotoka nalo, jina la kampuni, mwaka, maandishi madogo ya haki miliki. Soma yale maandishi, yakiwa yamefifia au yanaonekana kama fotokopi ya fotokopi, rudisha. Fungua kamera ya simu uzumu, chapa ya kiwandani utaona vidoti vidogo vimepangwa kwa mpangilio na maandishi yenye ukingo mkali, ya stationery maandishi yanakuwa na ukungu. Ukubwa wa kawaida ni kama milimita 63 kwa 88. Njia yangu ninayoiamini kuliko zote, beba kadi moja halali ya bei chee kutoka seti ileile, ziweke pamoja, linganisha unene, rangi, ulaini wa kidole. Feki ikikaa peke yake inadanganya, ikikaa jirani na halali inajiumbua.

Na tumia akili ya tarehe. Leseni ya kutengeneza kadi za Premier League ilikuwa kwa Panini kuanzia msimu wa 2019/20 mpaka 2024/25, Topps wakaichukua tena 2025/26. Kwa hiyo mtu akikupa kadi ya Topps yenye nembo ya Premier League na imeandikwa 2021/22 jiulize ilitoka wapi, ingawa Topps ya Champions League mwaka huo ipo na ni halali, soma nembo vizuri usije ukamgombeza mtu bure. Vilevile Samatta. Alijiunga Aston Villa Januari 2020, akafunga Wembley fainali ya Carabao Cup dhidi ya Man City tarehe 1 Machi, na Septemba mwaka uleule akaenda Fenerbahçe. Seti nyingi hutoka mwanzoni mwa msimu na yeye aliingia katikati, kwa hiyo ukioneshwa kadi yake na jezi ya Villa isome nyuma mara mbili kabla moyo haujakuvuta, maana wauzaji wanajua kabisa tunavyompenda. Za Simba na Yanga hivyohivyo, kama nyuma hakuna kampuni wala mwaka basi imeprintiwa mtaani, ichukue kwa bei ya kuprinti.

Pakiti zilizofungwa ndio sehemu hela nyingi za watu zinapotelea. Nyuma ya pakiti au boksi mara nyingi wameandika uwezekano, ukiona 1:24 maana yake kwa wastani kadi ya aina hiyo inatoka moja kwenye pakiti 24, haina maana ukinunua 24 umehakikishiwa. Pakiti moja moja zilizotolewa kwenye boksi lake ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu anayezijua anaweza kuzipapasa au kuzipima kwa mizani ndogo, zile nzito zenye kadi nene iliyowekewa kipande cha jezi ndani anabaki nazo yeye, wewe unalamba garasa. Angalia mishono ya juu na chini, ikiwa na gundi inayong'aa au mikunjo isiyoendana, imefunguliwa ikarudishwa. Kama unataka raha ya kufungua, mwombe afungue boksi jipya mbele yako uchukue kutoka humo. Kama unataka mchezaji fulani, nunua kadi yake moja kwa moja na uachane na bahati nasibu. Mimi nashauri hivyo karibu kila mara, na najua hamtanisikiliza.

Kadi yenye namba kama 12/25 imepigwa muhuri, maana yake ziko 25 tu na hiyo ni ya 12. Hakikisha namba imechapwa, isiwe kalamu. Yenye saini, geuza nyuma utafute maneno ya kampuni kuthibitisha saini, saini ya kalamu ya mpira juu ya kadi ya kawaida inaweza kuwa ya mchezaji au ya shemeji yake. Na zile zilizofungwa kwenye plastiki ngumu na gredi ya PSA, kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa alama ya ubora, kutoka 1 mpaka 10, kuna namba ya cheti juu yake, iingize kwenye tovuti ya PSA ulinganishe na kadi uliyoishika. Plastiki zenyewe zinafekiwa siku hizi. Hii ndio sababu moja ya kuhifadhi bando.

Kuhusu bei, patana kama unavyopatana mitumba pale soko la Memorial, ila kwa adabu. Usiidharau kadi mbele ya wateja wengine, mwonyeshe kasoro kimya kimya. Kusanya tano sita uombe bei ya jumla, hapo ndipo wanalegea, hasa saa kumi na moja wanapofikiria kupakia. Boksi la viatu lipekue mwanzoni kabla hujauliza chochote cha kwenye faili, humo wanatupa wasiowajua, na mtu anayejua mpira tu hajui kikapu anatupa vitu vya ajabu.

Malipo, beba keshi ya noti ndogo ndogo. Ukilipa kwa simu tumia Lipa Namba, subiri jina litokee na umuulize jina lake kabla hujaweka PIN, maana namba iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha gari inaweza kuwa ya mtu wa wiki iliyopita. Akisema tuma kwenye namba ya kawaida, ongeeni mapema nani anabeba ya kutolea. Piga picha ya kadi uliyonunua mbele na nyuma ikiwa mezani kwake, chukua na namba yake ya simu, umpigie hapohapo uone kama inaita.

Mikono sasa. Ukitoka kula nyama choma na pilipili, kanawe, kausha, ndio urudi. Kadi ya kung'aa ikishika mafuta ya mbuzi hayatoki. Nenda na slivu zako laini, vile vifuko vya plastiki vya kuvalisha kadi, na plastiki ngumu mbili tatu, ukikosa hata kitabu kigumu cha kuweka katikati kinasaidia, usiweke mfuko wa nyuma wa suruali halafu ukapanda boda. Vumbi la kwetu ni kama msasa, usifute kadi kwa shati, pulizia kidogo au tumia kitambaa cha miwani. Jua la Moshi ni habari nyingine, kadi za foili ukiziacha kwenye dashibodi zinapinda kama chapati iliyosahaulika kwenye tanuri, na masika unyevu unazipinda pia. Nyumbani ziweke kabatini zikiwa zimesimama na zimebanana kidogo, mbali na dirisha.

Ukifika nyumbani zipitie tena zote usiku uleule. Ukiona shida mpigie kabla hajalala, mara nyingi gari bado liko mjini mpaka asubuhi na muuzaji anayetaka kurudi mwakani atakubadilishia.