Kutunga na Kutuma Barua Pepe Ukiwa Ndani ya Emacs

Anayefanya kazi katika ofisi ya utalii hapa Moshi huwaandikia wapanda mlima barua pepe nyingi zinazofanana: ratiba ya njia ya Marangu, usiku wa kulala Mandara, Horombo na Kibo, orodha ya mavazi, saa ya kupokewa uwanja wa ndege wa KIA. Kuzitunga kwenye kivinjari huku mtandao ukiyumba ni kujitafutia adha, kwa kuwa ukurasa ukigoma katikati ya sentensi hujui kilichohifadhiwa na kilichopotea. Mimi huziandika ndani ya Emacs, kihariri cha maandishi kilekile ninachotumia kuandaa ratiba zenyewe.

Kwanza ieleze Emacs barua zipitie wapi. Ikiwa anwani yako ni ya Gmail, weka mistari hii katika faili ya mipangilio ya Emacs, `~/.emacs` (alama `~` ni folda yako ya nyumbani), pamoja na anwani yako mwenyewe:

```
(setq user-mail-address "anwani-yako@gmail.com"
      send-mail-function 'smtpmail-send-it
      smtpmail-smtp-server "smtp.gmail.com"
      smtpmail-smtp-service 587
      smtpmail-stream-type 'starttls
      smtpmail-queue-mail t)
```

Nywila yako ya kawaida haitakubaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti yako ya Google, kisha omba nywila ya programu (app password), yenye herufi 16. Emacs itakuuliza nywila hiyo unapotuma kwa mara ya kwanza, na ukikubali ihifadhiwe, nakushauri uiweke katika `~/.authinfo.gpg`, ambayo hufungwa kwa usimbaji, badala ya `~/.authinfo`, ambayo yeyote atakayeishika kompyuta yako ataweza kuisoma.

Kuandika kwenyewe ni kazi ndogo. Shikilia Ctrl ubonyeze x, achia, kisha bonyeza m. Utaona nafasi ya mpokeaji, ya mada, na chini yake mstari unaotenganisha vichwa na barua yenyewe, ambao hupaswi kuufuta. Kiambatisho huwekwa kwa C-c C-a (`C-` maana yake ni kushikilia Ctrl), nacho huonekana kama alama ndani ya maandishi, usiiguse. Kwa kawaida Emacs hukata mistari kwenye herufi ya 72, jambo ambalo huwaudhi wanaosoma kwenye simu, hivyo mimi huongeza `(setq message-fill-column nil)`. Ukimaliza, bonyeza C-c C-c. Ukighairi, C-c C-k.

Mstari wa mwisho wa mipangilio ile ndio ulionifanya nisirudi kwenye kivinjari. Kwa sababu ya `smtpmail-queue-mail`, barua haiendi papo hapo, bali hupangwa kwenye foleni katika folda `~/Mail/queued-mail/`, hata kama hakuna mtandao kabisa. Unaweza kukaa Marangu mchana kutwa ukiwajibu wateja kumi, ukarudi mjini jioni, ukaunganisha kompyuta na simu yako, kisha ukaandika `M-x smtpmail-send-queued-mail` (`M-x` ni kushikilia Alt ukabonyeza x, kisha unaandika jina la amri na kubonyeza Enter), na barua zote zikaondoka kwa mkupuo mmoja.

Tahadhari ni kwamba foleni haijitumi yenyewe wala haikukumbushi. Niliwahi kumlaumu mteja kimoyomoyo kwa siku mbili kwa kutonijibu, kumbe barua yangu ilikuwa ingali imelala kwenye folda ile. Siku hizi amri hiyo nimeifungia kwenye kitufe cha F9, nami hukibonyeza kila ninapofika ofisini, kabla hata ya kuagiza chai:

```
(global-set-key (kbd "<f9>") 'smtpmail-send-queued-mail)
```