Kabla hujaingia kwenye seva ya leseni

Kama ofisini kwenu watu wanagawana leseni za programu ya kuchorea, basi kuna kompyuta moja inayozigawa, mara nyingi ile yenye vumbi chini ya meza. Siku ukiambiwa uingie kuisimamia, usikurupuke.

Jua anwani kwanza. Kwa lmadmin, yaani msimamizi wa FlexNet, mfumo wa kugawa leseni, ukurasa wa kuingilia uko poti 8090 (namba ya mlango wa mtandao), labda aliyeusakinisha awe ameibadilisha. Poti 27000 hadi 27009 ni za programu kuombea leseni. Ukizing'ang'ania kwenye brauza utakesha. Jina la kuanzia ni admin, nenosiri nalo admin, na ukiingia mara ya kwanza utalazimishwa kulibadilisha. Libadilishe, liandike daftarini, na daftari lisiwe la mtu mmoja. Kijana akihamia Geita na nenosiri kichwani, mmeumia.

Usiingilie kwenye Wi-Fi ya mgahawa. Ukurasa usipowekewa https, ile njia ya kuficha kinachotumwa, nenosiri linaanikwa kama dagaa wa Igombe. Na kadi ya mtandao ya seva usiichomoe wala kumwazima mtu, kwa kuwa leseni kwa kawaida imefungwa kwenye namba yake.

Sasa tarehe. Hapa nisikilize vizuri.

Mwaka juzi, tarehe 6 Machi, umeme ulikuwa umekatika usiku kucha. UPS, ile betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika, iliisha chaji, na betri ya ubao mama inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa, ile bapa ya CR2032, kumbe ilishakufa zamani. Asubuhi seva ikawaka ikidhani tuko miaka mingi nyuma, ikagoma kutoa leseni. Mimi niko kwenye kivuko cha Kamanga, upepo unapiga, simu inaita. Dogo wa ofisini: "Kaka, wachoraji wote wamekaa tu."

Nikamwambia arekebishe tarehe. "Andika sita, mkwaju, tatu. Saa weka saa tatu asubuhi."

"Saa tatu ya kwetu au ya kompyuta?"

Nikamsifu kwa swali hilo. "Ya kwetu. Andika tisa." Wote wawili tukawa makini na saa, hakuna aliyeuliza kuhusu mwezi. Mashine ile ilipangwa Kimarekani, mwezi unatangulia. Tukawa tumeipeleka tarehe 3 Juni.

Leseni zikatoka, watu wakachapa kazi, mimi nikala sambusa zangu kwa amani. Jioni narudi, naona Juni, nairudisha Machi haraka haraka kabla bosi hajaona. Nikawasha upya huduma ya leseni. Kosa namba -88: saa ya mfumo imerudishwa nyuma.

Leseni yenye tarehe ya kuisha hukagua kama kuna mjanja anarudisha saa ili aitumie bure, na mojawapo ya ishara ni mafaili ya mfumo yenye tarehe ya mbele. Siku nzima mashine ilikuwa imeandika mafaili ya Juni. Nikayatafuta moja moja hadi usiku wa manane. Mteja wa Buhongwa alikuja mara mbili kufuata ramani yake, mara ya pili akakaa kwenye benchi mlangoni kwangu bila kusema neno.

Kwa hiyo: kabla hujaandika hata jina lako, angalia tarehe na mwaka kwenye kona ya skrini. Ikiwa imekosewa, zima huduma ya leseni kwanza, rekebisha kwenye kalenda ambayo mwezi umeandikwa kwa jina, ndipo uwashe. Betri hiyo ni ya bei ndogo, madukani Makoroboi, hapa Mwanza, utaipata. Weka ya akiba kwenye droo.

Ukishaingia, usibonyeze kitufe cha kusimamisha huduma bila kuwauliza waliomo kwenye programu. Wengine hawasevu kazi zao tangu asubuhi. Faili la leseni linakilie pembeni kabla ya kuligusa. Brauza isitunze nenosiri kwenye kompyuta ya mapokezi. Toka ukimaliza. Na chai iwekwe mbali na hiyo mashine.