Hisa Ikidoda: Daftari Ninalolitumia Kabla ya Kununua na Kuuza

Mimi ni muuza leso, Biashara Street, Mombasa. Leso ikidoda najua la kufanya: mwezi wa kwanza naitundika mbele, wa pili naishusha bei, wa tatu naitoa hata kwa hasara nikalete jina jipya, yaani leso yenye msemo mwingine. Hisa ndizo zilizonikosesha usingizi. Sasa mtoto wa kakangu ananiambia, "Shangazi, nifundishe, nami nataka kununua," basi namwandikia ninavyofanya, nawe usome.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom, kampuni ya simu, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Miaka miwili nyuma hisa ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ilikuwa imeuzwa kwa 11.90, na ilipoingia soko la hisa ikapanda zaidi ya mara mbili. Nani angekubali kuachwa tena? Nikapanga foleni. Ungeniuliza kampuni inapata faida kiasi gani, ningebabaika. Nilichojua ni kwamba jirani yangu wa duka kanunua. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni Juni 9, zikapanda kidogo, na kufikia mapema mwaka 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3.

Nikaapa siuzi mpaka pesa yangu irudi. Siku bei ilipogusa tena 5 na senti kidogo, niliuza zote, nikashusha pumzi kama aliyetua gunia. Agosti 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40.

Kosa langu halikuwa kutojua yajayo. Kosa ni kuing'ang'ania ile 5 niliyonunulia. Soko halina habari nilinunua kwa ngapi, kama mteja wa leso asivyojali nimenunua jora kwa ngapi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi kile kile. Mwaka 1985 wataalamu wa fedha Hersh Shefrin na Meir Statman wakaonyesha linalofuata: watu huharakisha kuuza hisa zilizopanda, zilizoshuka wakazikumbatia. Dukani nisingefanya hivyo hata siku moja.

Sasa fanya hivi. Nunua daftari, la karatasi, si la simu. Kabla ya kununua hisa, andika tarehe, bei, na sababu yako, na sababu hiyo isiwe na mtu ndani yake. "Fulani kanunua" ikate. Kisha andika jambo litakalokufanya uuze: labda faida kushuka miaka miwili mfululizo, au deni kuzidi kipimo ulichojiwekea. Liandike sasa, maana hisa ikishaporomoka utajitungia sababu nyingine, na utaiamini.

Lala nalo siku tatu. Katika siku hizo mtafute mtu asiyeitaka hisa hiyo, umsikilize bila kumkatiza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mimi bado huwa natafuta anayekubaliana nami.

Ukishanunua, usichungulie bei kila asubuhi. Safaricom, kwa mfano, hutoa hesabu za mwaka mwezi wa Mei na za nusu mwaka Novemba. Fungua daftari nyakati hizo, funika bei uliyonunulia kwa kidole (mimi hubandika kipande cha karatasi), kisha jiulize: kama leo ningekuwa na pesa hizi mkononi, ningeinunua hisa hii kwa bei ya leo? Ikiwa jibu ni la, unaishikilia kwa nini?

Na bei ya juu ya zamani nayo ifunike. Mwaka 2022 hisa ya Safaricom ilipokuwa kwenye 30 hivi, nilisikia wengi wakisema ni rahisi, kwa kuwa waliiona 40. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Urahisi hupimwa kwa mapato na gawio, ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, si kwa kumbukumbu.

Jana mtoto wa kakangu aliniletea ukurasa wake wa kwanza. Tarehe ipo, bei ipo. Sababu: "Kila mtu chuoni anaizungumzia." Nimemrudishia kalamu.