Stresi za chuo: jicheki kwanza wewe ni mtu wa aina gani

UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila mtu ana stresi ila haitupati sawa, boom (hela ya kujikimu ya mkopo) likichelewa mmoja anacheka tu na kukopa chipsi, mwenzake halali. Kwa hiyo usiige mbinu za ruumeti wako. Kama we ni mtu wa wasiwasi, yaani kichwa hakizimi usiku, kabla ya kulala andika kwenye karatasi kila kinachokusumbua, chagua kimoja cha kushughulikia kesho, basi. Unayetaka A kila somo (nyie ndo wagumu kweli) panga saa ya kufunga daftari hata kama hujamaliza. Mkimya? Diskasheni ya watu kumi itakuchosha, tafuta mmoja. Ukiona huli, lekcha huendi, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo mapema, usisubiri sapu (mtihani wa kurudia somo ulilofeli).