Mkate wa soda wa Kiayalandi: usiukande

Mkate huu hauna hamira, kwa hiyo usiukande kama unga wa chapati, utatoka mgumu. Ule wa asili una vitu vinne tu: unga wa ngano laini gramu 450, bekingi soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi kiasi hicho hicho, na mtindi mwepesi mililita 350 hadi 400. (Maziwa mala yanafaa. Yakiwa mazito, yalegeze kwa maziwa ya kawaida.)

Chekecha soda pamoja na unga. Donge likibaki, utaona doa la manjano ndani ya mkate na ladha ya sabuni mdomoni.

Washa oveni mapema, nyuzi 230, kabla hujamimina mtindi. Asidi ya mtindi ikigusa soda, gesi huanza kutoka papo hapo. Ukichelewa, hewa yote imekwisha na mkate unakaa bapa. Changanya kwa vidole vilivyotanuliwa, sekunde chache tu, donge likiwa bado linanata. Liviringishe kwenye unga, libonyeze hadi unene wa sentimita 4 hivi, kisha likate msalaba wa kina kwa kisu, la sivyo katikati hubaki bichi.

Oka dakika 15, shusha hadi nyuzi 200, endelea dakika 25 hadi 30. Gonga chini: mlio wa kitu chenye uwazi ndani maana yake umeiva. Ukitaka ganda laini, ufunge kwa kitambaa ungali moto.